Kulirudia gitaa kavu

Mwanamuziki mkongwe akisema anarudi kwenye gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, watu husema ameishiwa. Wenye adabu zaidi husema umri umemfika, anatafuta pa kukaa. Nimeyasikia hayo yakisemwa juu ya wakubwa wa foki-roki, muziki unaochanganya nyimbo za mapokeo na roki, na tangu nilipozima amplifaya na kulishika tena gitaa la aina niliyoanzia, nimeyasikia yakisemwa juu yangu, tena na watu wanaonitakia mema. Sikubaliani nao hata kidogo. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kuifanya kwenye muziki, na hakuna iliyonifunza zaidi.

Aliyenitia moyo ni Neil Young, Mkanada ambaye nimemsikiliza tangu ujana wangu. Albamu yake ya Harvest ilitoka Februari 1972, akiwa na miaka 26. Harvest Moon ilitoka mwishoni mwa 1992, akiwa anaelekea miaka 47. Kuna kipindi nilikuwa nazisikiliza zote mbili kila asubuhi, moja baada ya nyingine, kabla ya kuanza mazoezi. Mwanzoni nilisikia jinsi zinavyofanana. Kadiri nilivyoendelea, tofauti zikaanza kujitokeza, na tofauti hizo ndizo zilizonisaidia.

Watu wengi huizungumzia Harvest kana kwamba Young alikaa akapanga kutoa albamu tulivu. Sehemu kubwa ya utulivu ule ilitoka mgongoni. Mwaka 1971 alikuwa na maumivu makali ya mgongo, akafanyiwa upasuaji, na kwa miezi kadhaa hakuweza kusimama kwa muda mrefu na gitaa zito la umeme begani. Gitaa kavu ni jepesi, na mtu analipiga akiwa amekaa. Mwezi Februari mwaka huo alikuwa Nashville, Marekani, kwa ajili ya kipindi cha televisheni cha mwimbaji Johnny Cash, akaingia studio na watu waliokusanywa haraka haraka: Kenny Buttrey kwenye dramu, Tim Drummond kwenye besi, Ben Keith kwenye pedali stili, lile gitaa linalolazwa na kupigwa kwa kipande cha chuma kinachoteleza juu ya nyuzi. Waimbaji Linda Ronstadt na James Taylor walikuwa mjini kwa kipindi hicho hicho cha Cash, wakaja kuitikia. Taylor akakabidhiwa banjo ya nyuzi sita, na ndiyo inayosikika kwenye "Old Man". Kwa hiyo sauti ambayo dunia nzima iliipenda ilizaliwa na mgongo mbovu na bahati ya watu kukutana. Nalisema hili kwa sababu wapo vijana wanaoniuliza watumie gitaa la kampuni gani ili wapate sauti ya namna ile.

Wimbo wa "Heart of Gold" ulishika namba moja Marekani Machi 1972. Baadaye Young mwenyewe aliandika kwamba wimbo ule ulimweka katikati ya barabara, akachoka kukaa hapo, akaelekea mtaroni. Miaka iliyofuata alitoa albamu zenye kukwaruza na zenye huzuni, na pamoja na bendi yake ya Crazy Horse akapiga magitaa ya umeme kwa sauti kubwa kupita kiasi. Ziara yao ya 1991 ilikuwa ya kelele kiasi kwamba masikio yake yaliumia, na ameeleza waziwazi kwamba hali hiyo ilichangia kumrudisha kwenye sauti ya chini ya Harvest Moon. Safari ya kwanza mgongo, safari ya pili masikio. Mwili ndio uliofungua mlango mara zote mbili.

Wangu ulinifungulia mlango huo huo. Nilikuwa nikitoka jukwaani usiku, masikio yanaimba mpaka asubuhi, mlio mwembamba usio na wimbo. Mtaalamu wa masikio alinieleza mambo ambayo kila mpiga gitaa wa bendi angepaswa kuyajua kabla hajapanda jukwaani. Kipimo kinachotumika na wengi kwa usalama kazini ni desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa nane, na kila desibeli tatu zikiongezeka, muda unakatika nusu. Ukifika desibeli 100, kiwango ambacho bendi ya roki inakifikia bila jasho, umebakiwa na dakika 15. Seli zenye vinyweleo ndani ya sikio, zinazobadilisha mtikisiko kuwa ishara ambazo ubongo unazisikia kama sauti, zikifa hazioti tena. Niliuliza kama kuna dawa. Akasema kuna kinga.

Basi nikarudi nyumbani na kulitoa gitaa kavu kwenye kasha lake.

Jambo lililonishughulisha zaidi kwenye Harvest Moon ni watu ambao Young aliwaita. Studio haikuwa ile ya Nashville. Alirekodi shambani kwake California. Mashine zilikuwa za kidijitali, wakati Harvest ilinaswa kwenye utepe. Kitu pekee alichokirudisha kwa makusudi ni watu: Keith, Drummond na Buttrey wote walikuwapo, Ronstadt na Taylor wakaja tena kuitikia, na Spooner Oldham akakaa kwenye kinanda. Nilipolitafakari hilo, nikaacha kutazama bei za magitaa na maikrofoni. Nikampigia simu mpiga besi niliyeanza naye.

"Kaka," akaniambia, "gitaa kavu lina besi yake. Mimi nije kufanya nini?"

Nikamwambia aje kusikiliza. Alikuja, na siku ya kwanza alisikiliza kweli, besi iko mapajani na mikono imetulia, mpaka alipopata mahali. Akaweka noti moja mwanzoni mwa kila mstari, basi. Tulipokuwa vijana angeweka nane. Noti ile moja iliubeba ubeti mzima, nami nikajikuta naimba bila kukimbizwa. Hakuna pedali wala mashine ya kunipa kitu hicho. Kilitoka kwa mtu anayejua nitakapovuta pumzi.

Mpiga dramu alikuwa na kazi ngumu kuliko sisi. Nilimpa nyimbo za Harvest amsikilize Buttrey. Huyu ni mtu aliyepiga kwenye Blonde on Blonde, albamu ya Bob Dylan ya mwaka 1966, ufundi haukumpungukia. Lakini kwenye Harvest anapiga kidogo mno. Mtu anayejifunza dramu anaweza kuupata mdundo ule siku ya kwanza, na fundi wa miaka mingi akashindwa kuushikilia dakika tatu bila kuongeza kitu, kwa kuwa mkono uliozoea unawashwa. Rafiki yangu alivumilia mazoezi mawili matatu, jasho linamtoka kwenye wimbo wa polepole, kisha akaniambia, "Mzee, afadhali nipige ngoma za usiku kucha." Ila hakuacha. Sasa anatumia brashi badala ya vijiti, na kwenye wimbo mmoja anasugua tu ngozi ya ngoma kwa mzunguko. Kwenye wimbo uliobeba jina la Harvest Moon kuna mchakacho unaofuata mdundo kwa namna hiyo. Ni ufagio unaofagia. Bendi yenye uwezo wa kununua chombo chochote ikachagua ufagio, kwa kuwa ndio uliotoa sauti ambayo wimbo uliihitaji.

Niseme sasa juu ya gitaa lenyewe, kwani hapa ndipo nilipotumia muda mwingi, na sijaona likielezwa vya kutosha.

Gitaa la umeme likipita kwenye amplifaya iliyofunguliwa sana, noti haifi. Unaivuta, unaitikisa kwa kidole, inakaa hapo mpaka uiache. Kwa miaka mingi nilikuwa naandika nyimbo juu ya noti za aina hiyo: ubeti ukiisha, noti ndefu inashika nafasi mpaka kiitikio kinapoingia. Gitaa kavu halina hisani hiyo. Ukichuna uzi, sauti inafika kileleni papo hapo na kuanza kushuka, kwa sababu nguvu yote uliyonayo ni ile ya kidole chako, na ubao wa juu wa gitaa unaitumia haraka kuisukuma hewa. Baada ya sekunde chache umebaki na kivuli chake. Nyimbo zangu za zamani nilizozipeleka kwenye gitaa kavu zilitoboka matundu pale pale ambapo zamani palikuwa na noti ndefu.

Kuna njia mbili za kuyashughulikia matundu hayo. Unaweza kuyajaza kwa kucharaza, mkono unashuka na kupanda bila kupumzika, na hii ndiyo njia ya wapigaji wengi wanaotoka kwenye umeme. Nasema bila kusita kwamba ndiyo inayoua nyimbo. Njia ya pili ni kuyaacha na kuupanga wimbo upya kuyazunguka. Msikilize Young kwenye "Heart of Gold". Mkono wake wa kulia unapiga nyuzi na kuzizima kwa mpigo huo huo, pa!, kiasi kwamba gitaa linakuwa ngoma kwa nusu na nyuzi kwa nusu. Ukimya mfupi baada ya kila pigo ni sehemu ya mdundo. Nilikaa na pigo hilo moja muda mrefu. Upande wa kiganja karibu na kidole cha mwisho unagusa nyuzi karibu na daraja, kile kibao kinachozishika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, wakati ule ule kipigio kinapopita. Ukichelewa kidogo, sauti inavuja. Ukiwahi, unapata mlio wa mbao tupu. Mdundo ulipokaa sawa, nilitambua kwamba nyimbo zangu nne nilizokuwa nimezikatia tamaa zilikuwa zinaudai mdundo huo tangu zamani, zikafichwa na noti ndefu.

Young yule yule, miaka 20 baadaye, hapigi hivyo kwenye wimbo wa Harvest Moon. Ameushusha uzi mnene kutoka noti ya E hadi D, gitaa limepata tumbo zito chini, na juu yake anagusa noti chache zinazolia kama kengele kwa kuchuna sehemu ambapo uzi umeguswa tu bila kubanwa. Ni gitaa kavu lile lile, lakini mwendo umebadilika kabisa. Wanaosema albamu ya pili ni nakala ya ile ya kwanza hawajaisikiliza mikono. Mtu wa miaka 46 anayeimba juu ya mapenzi yaliyodumu hana haraka ya kijana wa 1971 anayetafuta, na mkono wake wa kulia unalijua hilo.

Vidole vya kushoto sitavizungumzia sana. Seti ya kawaida ya nyuzi za gitaa kavu inalivuta gitaa kwa nguvu inayozidi kilo 70. Zile nyembamba za umeme nilizozizoea hazifiki 50. Vinauma, vinaota sugu, vinaacha kuuma.

Sauti ya kuimba ni habari nyingine. Wimbo wangu unaopendwa kuliko yote niliurekodi ujanani katika ufunguo wa G, na kileleni mwa kiitikio ninapiga kelele kidogo, jambo lililopendwa na watu. Sasa hivi G hainitoki bila kukaza shingo. Juu ya bendi ya umeme nilikuwa najificha: kelele za magitaa zinafunika, watazamaji wanaimba wenyewe. Kwenye gitaa kavu hakuna pazia. Nikaushusha wimbo hadi E, toni moja na nusu chini, na mpiga besi akasema sasa anasikia maneno. Kumbe miaka yote hiyo ubeti wa pili, unaobeba kisa chenyewe, ulikuwa unapita watu wakisubiri kelele ya kiitikio.

Ninapofikiria umri kwenye wimbo, huikumbuka "Old Man". Young aliuandika akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akizungumza na mzee aliyekuwa akilitunza shamba alilokuwa amelinunua, akimwambia kwamba wao wawili hawapishani sana. Ameendelea kuuimba mpaka amekuwa na umri unaozidi wa mzee anayefikirika kwenye wimbo. Maneno ni yale yale. Anayesikiliza ndiye anayelazimika kuamua nani sasa anazungumza na nani. Huo ni utajiri ambao mwanamuziki kijana hana namna ya kuupata kwa ufundi, na ndiyo sababu siwaelewi wakongwe wanaotumia mashine kuzirudisha sauti zao za zamani.

Kurekodi tulirekodi kwenye chumba kimoja, wote kwa pamoja. Maikrofoni ya gitaa niliiweka kiasi cha sentimita 25 kutoka kwenye nyuzi, ikiielekea sehemu ambapo shingo inakutana na mwili. Ukiielekeza kwenye tundu lenyewe unapata mngurumo unaomeza kila kitu. Kwa kuwa ninaimba huku ninapiga, sauti yangu inaingia kwenye maikrofoni ya gitaa na gitaa linaingia kwenye ile ya sauti. Maana yake huwezi kurudi kesho ukasahihisha mstari mmoja wa kuimba. Ukikosea, wimbo mzima unaanza upya. Fundi mitambo wetu, kijana mzuri aliyezoea kurekodi kipande kipande, alitushauri tutenganishe. Tulikataa, na tulimweleza sababu: mpiga besi ananifuata mimi, mimi namfuata mpiga dramu, na mpiga dramu anasikiliza maneno. Ukitutenganisha, kila mtu atafuata mlio wa saa ya kuhesabia mdundo. Vidole vinasikika vikiteleza kwenye nyuzi nene, na mahali pamoja kiti changu kinalia. Kijana yule akataka kukifuta kile kiti. Tulikiacha, si kwa ajili ya mapambo, bali kwa kuwa pale niliinama mbele kwa sababu ya neno ninaloliimba.

Lipo swali ambalo bado linanisumbua: mtu akirudi, aimbe nini? Mwishoni mwa 1992 huo huo, Bob Dylan naye alitoa albamu ya gitaa kavu na harmonika, yeye peke yake, na nyingine ya namna hiyo ikafuata 1993. Huyu ndiye aliyepanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani, na bendi ya umeme tarehe 25 Julai 1965 na kuzomewa na baadhi ya watu waliomtaka abaki na gitaa kavu. Aliporudi kulishika peke yake, hakuimba wimbo wake hata mmoja kwenye albamu hizo mbili. Aliimba nyimbo za zamani, nyingi zikiwa za mapokeo, za aina aliyojifunzia kazi. Young alirudi kwa watu wake na kuwaandikia nyimbo mpya. Dylan alirudi nyuma ya nyimbo zake mwenyewe, kwa waliomtangulia. Mwaka 1997 akatoa albamu ya nyimbo zake mpya, Time Out of Mind, na nikizisikia zile nyimbo naamini ule ukaaji wake na nyimbo za mapokeo ndio uliozilisha.

Njia ya tatu, ya kurekodi upya nyimbo zako zilizovuma kwa gitaa kavu ili ziuzwe mara ya pili, naiona dhaifu kuliko zote. Najua imewalisha wengi, na sina ugomvi na riziki ya mtu. Lakini nilipoijaribu sebuleni, nilisikia mtu anayejiiga. Katika nyimbo zangu za zamani nimebakiza zile tu zilizobadilika mikononi, kama ule wa E. Nyingine zote tunazoandaa ni mpya, na mbili ni nyimbo nilizofundishwa na mtu aliyenifundisha kushika gitaa, ambazo sikuwahi kuziimba mbele ya watu kwa kuwa niliziona za kizee.

Gitaa la umeme sijalitupa. Young naye hakulitupa: mwaka 1994 alikuwa tayari amerudi na Crazy Horse na albamu nyingine ya umeme. Mpiga besi anataka wimbo wa mwisho kwenye albamu yetu umalizike na solo ya umeme, ndefu, noti zisizokufa. Mimi nasema zikiingia pale zitafanya yote yaliyotangulia yaonekane kama utangulizi wa kuzisubiri. Yeye anasema nyimbo tisa bila hizo zimetosha kuthibitisha kwamba tunaweza, sasa tupige tunachokipenda. Tumekubaliana kuurekodi kwa namna zote mbili, amplifaya ikiwa chini na vizibo vikiwa masikioni, kisha tuzisikilize baada ya kukaa muda bila kuzigusa. Mpiga dramu amesema yeye atapiga brashi kwenye zote mbili.